Kutoka Ufukweni Hadi Kwenye Vifusi: Kusoma Mawe ya Rasi ya Keweenaw

Kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi madini yanavyozaliwa ndani ya mwamba, yanavyosafirishwa na hatimaye kuokotwa, najua sehemu chache zinazofundisha vizuri kama Rasi ya Keweenaw, ncha ya ardhi inayoingia ndani ya Ziwa Superior kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani. Barabara moja inapita katikati ya rasi kutoka mji wa Houghton hadi Copper Harbor, nyingine inafuata ukingo wa ziwa, na kando ya barabara hizo kuna fukwe za kokoto na vifusi vya migodi ya shaba iliyofungwa zamani, vikiwa karibu kiasi kwamba mtu mwenye gari anaweza kuviona vyote viwili katika asubuhi moja. Mimi ni mwanajiolojia wa miamba ya volkeno, na kazi hii nilijifunza katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Wageni wengi wa Keweenaw huchagua ama fukwe ama migodi, na nadhani wote hao hupata nusu ya somo, kwa sababu jiwe la ufukweni ni zuri lakini limepoteza anwani yake, na jiwe la mgodini halina uzuri huo lakini linakwambia lilikotoka.

Tuanze na ufa wenyewe. Takriban miaka bilioni 1.1 iliyopita, bara la Amerika ya Kaskazini lilianza kupasuka katikati, jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana, kwa kuwa tunaishi juu ya ufa unaoendelea kupanuka hadi leo. Ufa ule wa kale ulienea zaidi ya kilomita 2,000. Lava ya basalti ilitoka ndani yake mara kwa mara, mtiririko juu ya mtiririko, na katika vipindi vya utulivu mito ilileta mchanga na kokoto zilizoshikamana baadaye na kuwa mwamba wa konglomerati. Katika Keweenaw mitiririko hiyo ya lava inazidi 200. Kisha ufa ulisimama kabla bara halijagawanyika na bahari mpya kuzaliwa, na tabaka zake zikabaki zimeinama kuelekea ziwani, zikipita chini ya maji na kuibuka tena upande wa pili kwenye kisiwa cha Isle Royale. Ndiyo maana huwashauri wanafunzi wanaofanya utafiti Natron au Baringo wasome miamba ya huku pia: ufa wetu bado una volkeno hai, na tabaka zake za ndani zimefunikwa, ilhali mmomonyoko umeukata huu wa Superior hadi mtu anatembea juu ya lava ambayo zamani ilikuwa kilomita kadhaa chini ya ardhi.

Sehemu yenye thamani katika kila mtiririko ni ya juu. Lava inapopoa, gesi hupanda na kunaswa karibu na uso, na mwamba hubaki umejaa matundu. Makumi ya mamilioni ya miaka baada ya lava kukoma, maji ya moto yaliyokuwa yakipenya tabaka hizo yalijaza matundu hayo kwa madini mbalimbali: kalsaiti nyeupe, epidoti ya kijani kibichi, prehnaiti, kwatsi, na shaba. Shaba hiyo ndiyo iliyoipa rasi jina duniani, kwa sababu ni shaba ya asili, yaani metali tupu isiyochanganyika na kitu kingine. Ndugu zetu wa Katanga wanajua shaba ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya malakaiti na madini mengine, na ambayo lazima itenganishwe kwa moto au kwa tindikali. Ya Keweenaw haikuhitaji hatua hiyo. Basalti zile zilikuwa na salfa kidogo sana, na salfa inapokosekana, shaba iliyoyeyuka ndani ya maji ya moto hukosa mwenzi wa kuungana naye, ikajikusanya yenyewe ndani ya matundu ya lava na katika nafasi zilizo kati ya kokoto za konglomerati.

Akiki, jiwe la mapambo lenye mistari, pia huanzia ndani ya matundu hayo hayo, ila iliyojaza ni silika, kitu kilekile kinachounda kwatsi, na oksidi ya chuma ndiyo iliyotia rangi nyekundu, ya machungwa na ya kahawia katika mistari yake. Kwa kuwa akiki ni ngumu kuliko basalti inayoizunguka, mwamba hulika na akiki hubaki, ikasukumwa na mawimbi pamoja na kokoto za ukubwa wake. Ninapotafuta, huanza kwa kuangalia jinsi mawimbi yalivyochambua ufukwe, kwa maana mawimbi hupanga mawe kwa ukubwa na uzito, na mstari wa kokoto ndogo karibu na maji hunipa matumaini zaidi kuliko rundo la mawe makubwa juu yake. Hutembea nikielekea jua linapokuwa chini, ili mwanga upenye jiwe kabla haujafika machoni pangu, kwa kuwa akiki hupitisha mwanga na raiolaiti nyekundu, mwamba mwingine wa volkeno ambao huwadanganya wengi, haipitishi. Jiwe likiwa kavu, natafuta mng'ao wa nta na uso wenye vishimo vidogo vilivyoachwa na mwamba uliolizunguka. Likiwa limelowa, mistari hujitokeza yenyewe. Kisu cha chuma hakiwezi kulikwaruza. Fukwe zilizo karibu na McLain, Calumet Waterworks na Five Mile Point zote zinafaa, na siku bora ni ile inayofuata dhoruba, mradi mtu aheshimu ziwa. Superior ndilo ziwa la maji yasiyo na chumvi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, kubwa hata kuliko Nyanza yetu, na maji yake hubaki ya kugandisha viungo hata katikati ya kiangazi.

Nasikitika kuona watu wakitupa kila kitu kisichokuwa akiki. Basalti yenye madoadoa meupe na ya kijani, ambayo hujaa katika fukwe hizo, ndiyo ukurasa unaoeleza mambo yote niliyoandika hapo juu: kila doa ni tundu la gesi lililojazwa. Prehnaiti ya huku mara nyingine ni ya waridi, na rangi hiyo hutokana na chembe ndogo sana za shaba zilizonaswa ndani yake. Kuna pia klorastrolaiti, aina ya madini ya pumpelaiti yenye rangi ya kijani iliyokolea na mchoro wa vipande vyenye pande nyingi, ambayo Michigan iliifanya kito rasmi cha jimbo mwaka 1972. Zilizo maarufu zaidi hutoka Isle Royale, lakini kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa na kuokota mawe huko ni marufuku.

Barafu ndiyo iliyovuruga anwani. Wakati wa enzi za barafu, barafuto kubwa zilizotoka kaskazini zilikwangua rasi na kubeba mawe yake kuelekea kusini, na ndiyo sababu akiki za Superior huokotwa hadi Minnesota na Iowa, katika mashimo ya changarawe yaliyo mbali kabisa na ziwa. Shaba nayo ilibebwa. Bonge maarufu kuliko yote ni lile la Mto Ontonagon, lenye uzito wa takriban tani 1.7, ambalo watu wa Ojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walilijua na kuliheshimu muda mrefu kabla mfanyabiashara mmoja hajalihamisha mwaka 1843, na ambalo sasa limo katika mikono ya taasisi ya Smithsonian, Washington. Barafu ilileta pia mawe ya kigeni kutoka Kanada. Mwaka 2018 wanasayansi walithibitisha kwamba mawe fulani ya kijivu ya fukwe za Michigan, ambayo mchana hayana mvuto wowote, yana madini ya sodalaiti yanayowaka rangi ya machungwa chini ya taa ya urujuanimno. Rasi yenyewe haina mwamba wa namna hiyo. Chanzo kinachotajwa kiko Ontario, ng'ambo ya ziwa. Mimi huyapenda mawe hayo kuliko akiki, kwa sababu humlazimisha mtu aulize swali la kwanza la jiolojia: hili limefikaje hapa?

Tukiondoka ufukweni na kupanda katikati ya rasi, tunafika kwenye migodi, na historia yake haianzi na wazungu. Wenyeji wa eneo la Superior walichimba shaba kwa nyundo za mawe maelfu ya miaka iliyopita, wakaifua kuwa visu, mikuki na mapambo, na mashimo yao ndiyo yaliyowaongoza wachimbaji wa karne ya 19. Mwaka 1841 Douglass Houghton, mwanajiolojia wa jimbo, alitoa ripoti kuhusu shaba hiyo. Mwaka uliofuata Waojibwe waliiachia serikali ya Marekani ardhi hiyo kwa mkataba wa La Pointe. Houghton mwenyewe alikufa maji karibu na Eagle River mwaka 1845, mwaka ambao Mgodi wa Cliff ulianza kazi na kuonyesha kwamba shaba hii ingeweza kuleta faida. Hadi uchimbaji mkubwa ulipokoma mwishoni mwa miaka ya 1960, rasi ilikuwa imetoa karibu tani milioni 5 za shaba. Shimo la namba 2 la Quincy, juu ya mji wa Hancock, linashuka kwa mshazari zaidi ya kilomita 2.8. Gharama ya kazi hiyo haikulipwa kwa fedha peke yake: wakati wa mgomo wa wachimbaji, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1913, watu zaidi ya 70, wengi wao watoto, walikufa kwa kukanyagana katika ukumbi mmoja wa Calumet baada ya mtu kupiga kelele za moto ambao haukuwepo. Ninapopanda juu ya vifusi vya Calumet huwakumbuka watu hao, na huwaomba ninaofuatana nao wafanye hivyo pia.

Vifusi hivyo ni mawe yaliyotolewa shimoni na kuonekana hayana shaba ya kutosha, yale ambayo wenzetu wa Geita wangeyaita magwangala. Hapa mkono hufundishwa kabla ya jicho. Shaba ina uzito wa karibu mara tatu ya basalti yenye ujazo uleule, hivyo jiwe linalouelemea mkono kupita ukubwa wake linastahili kupasuliwa. Nje shaba huwa imefunikwa kutu ya kijani au nyeusi. Ukiikwaruza hujitokeza wekundu wake, na sumaku haiivuti. Wengine hutumia mashine za kutambua metali, na sina pingamizi, ila mashine haiwezi kuona datolaiti, madini yasiyo metali ambayo kwangu ndiyo zawadi kubwa ya vifusi. Kwa nje ni donge la kijivu, lenye uso wa mabonge madogo. Likikatwa kwa msumeno wa almasi, ndani ni laini kama kaure, nyeupe, ya waridi, ya njano au ya kijani, mara nyingine likiwa na chembe za shaba. Baadhi ya migodi ilitoa pia vipande ambavyo fedha na shaba vimeshikana bila kuchanganyika.

Ufukwe na mgodi hukutana Gay, kijiji cha upande wa mashariki. Huko viwanda vya migodi ya Mohawk na Wolverine viliponda mwamba, vikachukua shaba, na mapema karne ya 20 vikamwaga mamilioni ya tani za mchanga wa kijivu uliokolea ziwani na ufukweni. Huo ni ufukwe uliotengenezwa na watu. Mawimbi yanaendelea kuusukuma kusini kandokando ya pwani kuelekea mwamba wa Buffalo, mazalia muhimu ya samaki, na shaba iliyobaki ndani yake hudhuru viumbe wa majini. Si sawa na marudio ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa Viktoria, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, ambayo mara nyingi yana zebaki na hayapaswi kuguswa kwa mikono mitupu, lakini chanzo cha tatizo ni kilekile: mwamba uliosagwa husafiri mbali kuliko mwamba mzima.

Kuhusu sheria, Michigan inamruhusu mtu kuchukua hadi pauni 25, yaani kilo 11 na zaidi kidogo, kwa mwaka katika ardhi ya jimbo. Katika ufukwe wa taifa wa Pictured Rocks, kama ilivyo Isle Royale, hairuhusiwi kuchukua hata moja. Vifusi vingi ni mali ya watu binafsi, na ruhusa ya mwenyewe hutangulia nyundo. Mashimo mengine yamezibwa, mengine yamewekewa vyuma vinavyoruhusu popo kupita, na hakuna sababu yoyote ya mkusanyaji kuingia ndani ya mojawapo.

Kila jiwe ninalochukua hupewa namba kwa rangi isiyofutika, na daftarini huandika mahali, tarehe, jina la mgodi au la ufukwe, na aina ya mwamba nililolikuta ndani yake. Kwa la ufukweni huandika pia mawe yaliyokuwa jirani nalo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosaidia kukisia lilikotoka. Kabla ya yote hayo, nenda kwanza kwenye jumba la makumbusho la madini la A. E. Seaman, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Michigan mjini Houghton, ambako vielelezo vya rasi vimepangwa na majina ya migodi yake, ukitazame kila kimoja polepole. Miezi ya kwenda ni kuanzia Juni hadi Septemba, kwa sababu baada ya hapo theluji ya Superior hufunika vifusi na fukwe hadi majira ya kuchipua.