Mbwa Anajikuna? Weka Chini Hiyo Oili Chafu

Daktari, mbwa wangu hujikuna usiku kucha. Si upele tu?
Huenda ni upele wa utitiri, huenda ni mzio. Kwa macho vinafanana, ndiyo maana daktari wa mifugo hukwangua ngozi kidogo akaitazama kwa hadubini. Mzio ni kinga ya mwili kupigana na kisicho adui: vumbi, chavua, mate ya kiroboto.

Ndani ya ngozi kuna nini hasa?
Kuna seli za kinga ziitwazo masti. Zimejaa histamini, kemikali inayowasha, na juu yake zimebeba kingamwili aina ya E, yaani protini za kinga zinazonasa kitu kigeni. Vumbi au mate ya kiroboto yakinasa kwenye kingamwili hizo, seli humwaga histamini papo hapo, ngozi ikavimba na kuwasha. Kisha zinafika seli T, seli nyingine za kinga, ambazo hutoa kemikali iitwayo intaleukini 31. Hiyo huchokoza neva zenyewe, mbwa akajikuna hata kama histamini imezuiwa. Basi usishangae vidonge vyako vya mafua vya kuzuia histamini visipomsaidia.

Nikimpaka oili chafu ya gari? Babu alimpaka wake akapona.
Hapana. Seli nilizotaja ziko ndani ya ngozi na oili haizitulizi. Inachofanya ni kuunguza ngozi ya juu, ambayo kwa mbwa wa mzio ni dhaifu tayari, vumbi likapenya zaidi. Halafu mbwa hujilamba. Mabaki ya injini, pamoja na metali zake, yanaingia tumboni.

Kidogo tu, mgongoni?
Hapana, jamani. Hata kidogo. Hata ikichanganywa na chumvi au unga wa kiberiti (salfa). Muyeye, Maweni, Kisumu Ndogo, kote hapa Malindi naletewa mbwa weusi tititi kwa oili, na mwenyewe ananiambia "nilijaribu kwanza nyumbani."

Na maji ya bahari?
Akiogelea si neno, ila msuuze kwa maji matamu. Chumvi hukausha ngozi na kuchoma vidonda.

Mbona sioni kiroboto hata mmoja?
Mbwa mwenye mzio humtosha kuumwa mara chache. Kagua kiunoni na shina la mkia. Mayai ya viroboto yamo kwenye matandiko na nyufa za sakafu, kwa hiyo safisha huko na utibu wanyama wote wa nyumba. Ila dawa ya mbwa yenye pemethrini, sumu ya kuua wadudu, usimtie paka: inaweza kumuua.

Nimlete lini?
Akijikuna wiki nzima, akitafuna nyayo, au masikio yakinuka. Si baada ya miezi sita, ngozi imeshakuwa nene na nyeusi kama ya tembo, bakteria na fangasi wamehamia. Kuna dawa za kutuliza seli zile za kinga, lakini kipimo anatoa daktari, si jirani aliyebakisha vidonge vya pumu.

Nimeshampaka oili. Nifanyeje?
Mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, rudia mpaka maji yatoke safi. Mzuie kujilamba, umlete leo. Na usimpake tena.