Chakula cha ziada si chakula kilichooza

Huku Goma wengi bado huamini kwamba duka la mikate likizigawia familia zenye shida kilichobaki, limezipa uchafu. Sivyo. Mkate wa jana hukauka kwa sababu wanga wake hubadilika, si kwa sababu umeoza, ingawa ukiota ukungu ni wa kutupwa. Vivyo hivyo, tarehe iliyochapwa kwenye mfuko wa tambi huhusu zaidi ladha na ubora, tofauti na ile ya nyama mbichi, ambayo ni ya usalama na haina mjadala, hasa panapokatika umeme, jambo ambalo sisi hatuhitaji kuelezwa. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 2016 iliyakataza maduka makubwa kuharibu kwa makusudi chakula kinachofaa kuliwa, ikayataka yaafikiane na mashirika ya misaada.