Ukilazwa kwenye meza ya mionzi ya ini, usijirekebishe mwenyewe

Ndugu zetu wa Mwanza na kanda ya ziwa yote, miezi hii sisi wa kitengo cha tiba ya mionzi tumepokea malalamiko mengi ya wagonjwa wa saratani ya ini na ndugu wanaowasindikiza, kwamba mtu analazwa karibu nusu saa kwenye meza ngumu mikono juu ya kichwa, wateknolojia wanaingia wanatoka, wanavuta shuka, wanamsogeza kidogo wanamrudisha, alafu mashine yenyewe inawaka dakika chache imeisha. Mnaona tunawachelewesha. Jamani, kule kukupanga ni sehemu ya tiba, maana mionzi haina macho, inapita ilipoelekezwa, uvimbe uwepo usiwepo.

Na ini halitulii. Limekaa chini ya kiwambo kinachopanda na kushuka ukipumua, kwahiyo nalo linatembea sentimita 1 mpaka 2 na wengine zaidi. Waliokulia mwaloni wataelewa haraka, mtumbwi umeshatia nanga lakini wimbi bado linaunyanyua na kuushusha. Sasa eneo la akiba tunaloongeza kuzunguka uvimbe mara nyingi ni kama milimita 5 tu, hatuwezi kujiachia zaidi sababu jirani yake kuna tumbo la chakula, utumbo, figo ya kulia, na ini lililobaki ambalo kwa wagonjwa wengi limeshachoka na homa ya ini B au pombe. Wale wanaopigwa dozi kubwa kwa awamu 3 hadi 5 tu ndio kabisa, ukikosea siku moja umeharibu sehemu kubwa ya tiba. Na ini likizidiwa na mionzi hutaona siku hiyo, linakuja kusema wiki 2 hadi miezi 3 baadaye, tumbo linajaa maji, ini linavimba, wengine macho yanakuwa njano.

Ndiyo maana siku ya kupanga tiba, kabla mionzi haijaanza, tunakupiga siti skani ukiwa umelala vilevile utakavyolala kila siku, wengine kwa mkanda wa kubana tumbo ili pumzi iwe fupi, wengine tunawafundisha kubana pumzi, alafu tunakuchora alama kwenye ngozi zinazokutana na mistari ya leza ya chumbani. Naomba nisemee hizo alama. Zikififia usizichore upya nyumbani kwa peni, hata kama kijana wako ana mkono mzuri. Njoo utuambie. Tutaangalia picha, tutalinganisha na mpango, ikibidi unarudia siti skani, daktari anachora tena uvimbe, mfizikia anapiga hesabu upya, mtu wa pili anahakiki, wanasaini wote, na hapo siku zinakwenda na nafasi yako ya wiki ile inachukuliwa na mwingine. Anayekataa kurudia kipimo kilichoagizwa hapigwi mionzi, na hilo hatulijadili mlangoni.

Kubwa kuliko yote ni maji ya tumbo. Kuna mgonjwa alipangwa vizuri kabisa, katikati ya tiba tumbo likambana, ndugu wakampeleka kituo kingine akatolewa maji, akarudi kwetu mwepesi anafuraha na hakuna aliyetuambia. Alama zilikuwepo palepale kwenye ngozi lakini ngozi ilishalegea na ini limeshuka, picha ya asubuhi ndiyo iliyotuonyesha. Hatukukataza kutoa maji, mtu anabanwa lazima asaidiwe, tunachoomba ni taarifa kabla hajapanda mezani. Hata tumbo likiongezeka, hata ukikonda suruali ikawa inadondoka, sema.

Chakula pia. Tukikwambia usile masaa 3 kabla tuna maana hiyo hiyo, siyo "nimekula michembe kidogo tu na maziwa". Tumbo lililojaa linasukuma ini na linasogea lenyewe kwenye njia ya mionzi. Shanga za kiunoni na hirizi tunaomba zivuliwe, kwa heshima zote, zinanyanyua mwili na zinaonekana kwenye picha. Bega likiuma sema siku ya kupanga, usisubiri siku ya tatu.

Ndugu kubaki ndani kumshika mgonjwa mkono haiwezekani. Chumba kile ni eneo linalodhibitiwa chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003, msimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, na kituo kikiruhusu hilo kinaweza kuchukuliwa hatua mpaka kwenye leseni. Mgonjwa tunamuona kwa kamera na tunamsikia muda wote.

Na hili la kumtenga mgonjwa sahani na kitanda eti ana mionzi, tumelisema mara ngapi? Mionzi ya mashine ya nje ikizimwa imeisha, hatoki nayo. Mwacheni abebe wajukuu wake.

Wa Ukerewe mnaotegemea kivuko cha Nansio, msikimbie kutoka bandarini mkaja mnahema, pumzi ya mtu aliyekimbia siyo ile tuliyoirekodi. Mwambieni wa mapokezi mapema mnatokea kisiwani, mtapangiwa mchana.