Siku ya Kuzaliwa ya Mbwa wa Kuasiliwa: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi wanaomchukua mbwa kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama huamini kwamba tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye kadi yake ni ya kweli. Mara nyingi ni makadirio tu. Mbwa aliyeokotwa mtaani hana shahidi wa kuzaliwa kwake, kwa hiyo daktari wa wanyama humkadiria umri, na anayejaza fomu huhesabu kurudi nyuma tangu siku mbwa alipopokelewa. Ukiona tarehe hizo mbili zinafanana, tofauti ikiwa mwaka pekee, fahamu zilivyopatikana.

Wapo wanaodhani, kwa upande mwingine, kwamba daktari akiangalia meno tu atautaja umri bila kukosea. Kwa mtoto wa mbwa dhana hiyo inakaribia ukweli: meno 28 ya utotoni huanza kuchomoza karibu na wiki ya tatu, na meno 42 ya ukubwani huwa yamekamilika kwenye mwezi wa saba hivi, hivyo kosa linaweza kuwa la wiki chache tu. Baada ya hapo hakuna jino jipya la kuhesabu. Daktari hubaki na ukoga na kulika kwa meno, mambo yanayotegemea chakula na tabia kuliko miaka, na ndiyo sababu mbwa kijana aliyezoea kutafuna mawe na mifupa anaweza kuwa na kinywa cha mzee. Ukungu wa samawati kwenye lenzi ya jicho, ambao si mtoto wa jicho, husaidia kidogo kwa kuwa kwa kawaida huonekana kuanzia miaka sita au saba. Mvi za mdomoni si za kutegemewa, kwani mbwa wengine huzipata mapema mno.

Hata mbwa aliyekulia nyumbani anaweza kuleta utata. Mwaka 2023 Guinness World Records ilimtangaza Bobi wa Ureno kuwa mbwa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kurekodiwa, akiwa na zaidi ya miaka 30, lakini mwaka 2024 ikamvua taji hilo kwa kukosa ushahidi wa kutosha wa tarehe yake ya kuzaliwa.

Je, kusherehekea tarehe ya kubuni ni kujidanganya? Sioni hivyo. Shirika la North Shore Animal League America la Marekani limeitenga tarehe 1 Agosti kuwa siku ya kuzaliwa ya mbwa wote wa vituo wasiojulikana walizaliwa lini, na farasi wa mbio katika kizio cha kaskazini huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama walizaliwa Aprili. Wengine huchagua siku mbwa alipoingia nyumbani. Kosa huanza pale tarehe ya sherehe inapohamia kwenye kumbukumbu za matibabu, kwa maana ratiba ya chanjo za mtoto wa mbwa, aina ya chakula na vipimo vya uzeeni hufuata umri uliokadiriwa, ambao daktari anaweza kuurekebisha kadiri anavyomfahamu mbwa.

Kuzidisha miaka ya mbwa kwa saba ili kupata umri wake wa kibinadamu ni dhana nyingine isiyokufa. Utafiti wa vinasaba vya mbwa aina ya Labrador, uliochapishwa mwaka 2020, uliona kwamba mbwa hukomaa kwa kasi sana mwanzoni kisha kasi hupungua, na kwamba Labrador wa mwaka mmoja anafanana na binadamu wa miaka 30 hivi.

Kuhusu sherehe yenyewe, inadhaniwa kwamba wageni wengi, kofia na baluni humfurahisha mbwa. Mbwa aliyeokolewa, hasa katika miezi yake ya kwanza nyumbani, anaweza kuyaona hayo yote kuwa tishio, na baluni ikipasuka humshtua hata aliye jasiri. Kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso na kufyata mkia ni dalili za wasiwasi, ingawa kwenye picha huonekana kama utulivu. Matembezi marefu mahali anapopapenda yanamfaa zaidi.

Keki ya watu, hata kipande kidogo, si zawadi. Chokoleti ina theobromini, kemikali yenye sumu kwa mbwa, ambayo mwili wake huiondoa polepole. Zabibu mbichi au kavu zinaweza kuharibu figo. Zailitoli, sukari mbadala, hushusha sukari ya damu kwa haraka na inaweza kudhuru ini. Akishakula mojawapo ya hivyo, usingoje atapike ndipo umtafute daktari: piga simu mara moja, ukiwa na pakiti mkononi na ukijua uzito wa mbwa, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yatakayoulizwa kwanza.