Chuma hakimezi mawimbi, kinayarudisha

Kuna imani ya siku nyingi kwamba ukitaka kumeza mawimbi ya rada weka chuma tu, na kikiwa kinene ndo bora zaidi. Hapana jamani, bati tupu la chuma linaakisi karibu mawimbi yote, yanarudi yalikotoka na rada inakuona vizuri kabisa.

Ili wimbi limezwe lazima kwanza liingie, na hapo ndo penye kazi, maana hewa ina impidansi (ukinzani wake kwa wimbi) ya kama omu 377 na ya kitu chenyewe ikiwa tofauti sana na hiyo wimbi linagonga linageuka. Ndo maana watengenezaji wa vifaa vya kumeza rada wanachanganya kaboni, mfano grafini (kaboni ya tabaka moja tu la atomi), na chembe ndogo ndogo za chuma, nikeli au kobalti, kaboni inashughulika zaidi na upande wa umeme, metali na upande wa sumaku, afu nishati inaishia kuwa joto. Ukizidisha dozi mchanganyiko unapitisha umeme mno na unarudi kuwa kioo (hili wengi hawaliamini).

Na ile desibeli -10 wanayojisifia (kipimo cha wimbi linalorudi), nyuma kukiwa na bati, ni asilimia 90 imemezwa, 10 bado inarudi, tena kwa masafa (frikwensi) fulani tu, badilisha unene hata milimita 1 na kilele cha kumeza kinahamia masafa mengine.