Padri wa mafuta hajaja kumzika mgonjwa

Huku Dodoma, ukisema "tumwite padri ampake bibi mafuta", kuna shangazi atakayeangua kilio. Kwake padri akishaingia na kichupa, kinachofuata ni sanda. Basi familia inangoja mpaka bibi hasikii wala hasemi, ndipo pikipiki inatumwa parokiani usiku wa manane.

Hofu hiyo ina chanzo. Kwa karne nyingi sakramenti hii ya Kanisa Katoliki iliitwa Mpako wa Mwisho. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulisema jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si ya walio katika kukata roho tu. Mtume Yakobo (5:14-15) anasema mgonjwa mwenyewe awaite wazee wa Kanisa. Maiti haiiti mtu.

Kwa hiyo anayeingia chumba cha upasuaji kwa ugonjwa mzito anaweza kupakwa. Mzee aliyedhoofika sana pia, hata kama hana ugonjwa mkubwa. Ukipona ukaugua tena vibaya, unapakwa tena. Mafua hayahusiki.

Padri hupaka paji la uso na mikono, akiomba Bwana amwokoe mgonjwa na kumwinua. Tangu 1972, mafuta ya mzeituni yakikosekana, ya mmea mwingine yanaruhusiwa. Kwetu wakulima wa alizeti hilo halina ugeni.

Sakramenti ya anayeaga dunia ni nyingine: Komunyo ya njiani, yaani Viatiko. Nayo inahitaji mtu anayeweza kumeza. Shangazi, mwite padri mapema.