Sheria za Mpira wa Miguu Hazikutungwa na FIFA

Kila darasa jipya la waamuzi ninalolifundisha huwa na mtu wa kunitajia, kwa kujiamini kabisa, "sheria 17 za FIFA". Ni 17 kweli, ila si za FIFA. Shirikisho hilo liliundwa Paris mwaka 1904, wakati penalti ilikwisha kutimiza miaka 13: aliyeibuni ni William McCrum, mlinda mlango wa kijiji cha Milford huko Ireland, na chama cha soka cha nchi yake ndicho kilicholifikisha wazo hilo mbele ya IFAB, Bodi ya Kimataifa inayotunga sheria za soka, iliyoliridhia Juni 1891.

Bodi hiyo iliundwa mwaka 1886 na vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland, ambavyo awali kila kimoja kilicheza kwa sheria zake. FIFA iliingia mwaka 1913, ikiwa mgeni. Hata leo ina kura 4, vyama vinne vya Uingereza vina kura moja moja, na badiliko lolote linahitaji kura 6. Kwa hiyo FIFA ikitaka kugusa kanuni ya kuotea, haina budi kuvishawishi angalau viwili kati ya vyama hivyo. Ndiyo maana huwasisitizia wanafunzi wangu wasome kitabu cha IFAB chenyewe, toleo la msimu husika, badala ya kumsikiliza mtangazaji wa redio.

Wapo pia wanaodhani kwamba soka lilizaliwa London mwaka 1863 likiwa kamili. Sheria 13 alizoziandika mwaka huo Ebenezer Cobb Morley, katibu wa kwanza wa chama cha soka cha England, hazikumtaja mlinda mlango, mwamuzi wala idadi ya wachezaji, na mchezaji yeyote aliyeudaka mpira ukiwa hewani alipewa mkwaju huru, mradi achore alama ardhini papo hapo kwa kisigino. Kona ilitoka Sheffield, mji uliokuwa na sheria zake tangu 1858.

Kuhusu dai kwamba soka lilianzia kwa Wachina, cuju, mchezo wao wa kupiga mpira kwa miguu, ni ya kale kweli, lakini hakuna uthibitisho kwamba soka letu limetokana nayo.

Na kadi si za zamani hivyo: zilibuniwa na mwamuzi Mwingereza, Ken Aston, zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico, ambako hakuna mchezaji hata mmoja aliyeoneshwa nyekundu.